Biskuti za Gerezani na Sharti la Nne la Toba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Suali tunalotaka kulitazama katika ukurasa huu ni jepesi kuuliza, zito kujibu. Mtu amemwibia mwenzake. Amekamatwa, amehukumiwa, amefungwa, ametoka. Je, deni lake limekwisha? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba limekwisha, kwa kuwa serikali imemwachia. Kisha mtu huyo huyo akija dukani kwetu kutaka kazi tutamjibu kwa namna nyingine kabisa. Tutamjibu kana kwamba deni lile halina mwisho. Basi majawabu yetu mawili yapingana, na mwenye akili hawezi kuyashika yote mawili kwa pamoja. Sisi twasema kwamba jawabu la kwanza si sahihi, na la pili ni dhulma. Na kwamba baina ya mawili hayo iko njia ambayo dini yetu ilikwisha kuifyeka zamani, nasi tumeiacha ikaota majani.

Ili tujitazame vizuri, yafaa kwanza tuwatazame wengine. Katika nchi ya Italia, katiba iliyoanza kutumika mwaka 1948 yaeleza katika kifungu chake cha 27 kwamba adhabu isivunje utu wa mtu, na kwamba makusudio yake yawe ni kumrekebisha aliyehukumiwa. Sheria yao ya magereza ya mwaka 1975 ikaongeza kwamba kazi ya mfungwa isiwe sehemu ya mateso yake, na kwamba ni lazima ilipwe. Mwaka 2000 ikatungwa sheria nyingine ya kuvipunguzia kodi na michango vyama vya ushirika na makampuni yanayowaajiri wafungwa. Hatusemi kwamba magereza ya nchi hiyo ni mabustani. Yana msongamano na aibu zake, hatta Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Italia mwaka 2013 kwa sababu ya msongamano huo. Lakini katika nchi hiyo hiyo limefanyika jambo linalostahili kuangaliwa.

Mji wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily, una jela ya vijana iitwayo Malaspina. Ndani ya jela hiyo, mwaka 2016, palianzishwa kiwanda kidogo cha biskuti, ambamo vijana waliofungwa hufundishwa kuoka, na kwa kazi yao hulipwa. Biskuti hizo hutiwa katika pakiti nzuri zikauzwa nje kama biskuti za mwokaji mwingine yeyote. Jina walilozipa ni Cotti in Fragranza, nalo lina mchezo wa maneno ndani yake. Kwa Kitaliano, mtu aliyekamatwa papo hapo na kosa lake husemwa kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo. Wao wakageuza herufi chache tu, yakawa na maana ya waliookwa katika harufu nzuri. Baadaye kazi hiyo ikatoka nje ya kuta, likafunguliwa jiko na mkahawa katika nyumba ya zamani ya watawa karibu na soko la Ballarò, ili kijana atakapoachiwa asikute njia mbele yake imekatika. Katika kisiwa hicho hicho, mjini Siracusa, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 2003 hutengeneza vitu vitamu vya lozi pamoja na wafungwa watu wazima. Na kaskazini, katika jela ya Padova, huokwa mkate mtamu ambao Wataliano huula katika sikukuu yao ya Desemba, na watu huuagiza kutoka mbali kwa sababu ya uzuri wake, si kwa kuwahurumia waliouoka.

Msomaji asishangae kuona tumechukua mfano wetu Sicily. Palermo ulikuwa mji wa Waislamu tangu mwaka 831 hatta mwaka 1072, na hao Waislamu ndio waliopeleka kisiwani humo miwa na malimau na mashamba ya kunyweshwa kwa mifereji. Wala hatuwaiti watu wale biskuti hizo, maana chakula cha nchi za watu chataka kuulizwa kwanza kimetengenezwa kwa nini. Tunachochukua ni funzo. Sahani twawaachia wenyewe.

Funzo la kwanza ni hili. Kazi ya kuoka haimkubali mtu mdanganyifu. Unga ukipunguzwa, donge lajulisha. Samli ikiwa mbovu, harufu yatangaza. Tanuri likipitishwa moto, hakuna fasaha itakayoirudisha biskuti iliyoungua. Mtu aliyezoea kula bila ya kupima na kungoja, huko hufundishwa kupima na kungoja kila siku ya Mungu. Na tena, chakula ni amana. Magari yote yanayopita katika barabara za Mombasa yana vibao vya nambari ambavyo tangu zamani hutengenezwa na wafungwa wa Kamiti, wala hakuna anayeona vibaya, kwa kuwa kibao hakitiwi kinywani. Biskuti hutiwa kinywani, hupewa mtoto, huwekwa mbele ya mgeni. Anayeinunua amemwamini aliyeikanda. Na huenda kwa mfungwa hiyo ikawa ndiyo mara ya kwanza kuaminiwa na mtu asiyemjua.

Lakini funzo kubwa zaidi limo katika neno moja tulilolitaja kwa upesi: hulipwa. Hapa ndipo tunapotaka kusimama.

Wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin, wameeleza masharti ya toba. Ikiwa dhambi ni baina ya mja na Mola wake, masharti ni matatu: aiache, aijutie, na aazimie kutoirudia. Na ikiwa dhambi imegusa haki ya mwanadamu mwingine, laongezeka sharti la nne, nalo ni kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe, au kumtaka radhi akasamehe. Sharti hili si pambo. Mtume (s.a.w.) aliwaeleza sahaba zake khabari za mufilisi wa kweli: ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na funga zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana, na yule alimla mali yake, na mwingine alimpiga; zikagawanywa thawabu zake kwa aliowadhulumu mpaka zikesha. Haki ya mja haifutwi na mihuri ya hakimu.

Sasa na tumtazame mfungwa kwa mizani hii. Kuiacha dhambi, ameiacha, japo kwa kufungiwa. Kujuta, huenda amejuta. Kuazimia, yeye na Mola wake wanajua. Bali lile sharti la nne atalitimiza kwa nini? Ng'ombe aliyemwiba amekwisha liwa. Fedha zimekwisha tumika. Yeye yumo ndani miaka mitano, hachumi. Na mkewe na watoto, ambao nafaka yao ni wajibu wake, wamekuwa mzigo wa mjomba au wa majirani. Yule aliyeibiwa hakurudishiwa hatta senti, na juu ya hayo kodi yake ndiyo inayomlisha mwizi wake. Basi kifungo kisicho na kazi yenye ujira kimemwadhibu mkosa, kimewaadhibu watoto wasiokosa, na hakikumlipa aliyedhulumiwa. Ndiyo maana tukasema kwamba jawabu la kwanza, kwamba deni limekwisha, si sahihi. Deni la serikali limekwisha. Deni la mtu liko pale pale, na sisi tumemzuilia mwenye kudaiwa asilipe.

Kwa hivyo ujira wa mfungwa hatuuoni kuwa ni zawadi anayopewa mhalifu. Ni njia ya yeye kuifikia toba iliyotimia. Kwetu Kenya, kwa miaka mingi ujira wa mfungwa ulihesabiwa kwa senti kwa siku, na kwa senti hakuna haki iwezayo kurudishwa. Huko Italia, anayefanya kazi za jela yenyewe sheria humpa thuluthi mbili za ujira wa kazi ile kwa mapatano ya nje. Na katika fedha hizo hukatwa gharama za kumweka na fidia ya alichoharibu, na zinazobaki ni zake na za jamaa zake. Kanuni hii haikutoka kwetu. Lakini mwenye kuijua fiqhi ataiona kama mtu aonavyo sura ya ndugu yake katika umati wa wageni.

Na dalili za kwetu ni hizi. Kwanza, mateka wa Badr. Imepokewa kwamba wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa, Mtume (s.a.w.) aliufanya ukombozi wao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Answari kuandika. Walikuwa maadui waliokamatwa na silaha mikononi. Na bado ujuzi wao ukapewa thamani, na kazi yao ikawa ndiyo njia yao ya kutokea.

Pili, kisa cha mtu wa Answari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) hakumpa sadaka. Aliuza tandiko lake na bakuli lake kwa dirhamu mbili. Moja akamwambia awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Kisha akaitia mpini kwa mkono wake mwenyewe mtukufu, akampeleka akate kuni. Baada ya siku kumi na tano yule mtu akarudi na dirhamu kumi. Angalia kwamba mpini ulitiwa na Mtume. Mtu hakuambiwa tu aende akafanye kazi. Alipewa cha kufanyia.

Tatu, Abu Yusuf, kadhi wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 798. Katika Kitabul Kharaj alimnasihi Khalifa juu ya wafungwa waliokuwa wakitolewa na minyororo yao kwenda kuomba njiani. Aliona kwamba hilo halifai katika dola ya Waislamu. Wapewe nguo za wakati wa baridi na za wakati wa joto, na wapewe matumizi ya kila mwezi kwa dirhamu, wala si kwa mikate, maana mikate ikipelekwa walinzi wa jela wataila wao. Miaka zaidi ya elfu na mia mbili imepita, na hila za walinzi wa mikate hazijabadilika sana.

Nne, kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), ambacho kila mtoto wa chuo amekisikia. Aliingia gerezani pamoja na vijana wawili, na wafasiri wamesema kwamba mmoja alikuwa mnyweshaji wa mfalme na wa pili mwokaji wake. Gereza lile alilifanya darasa. Kisha yule yule aliyetolewa gerezani akawekwa juu ya hazina za nchi, na akiba ya nafaka yake ikauokoa umma na njaa. Kweli, Yusuf hakuwa na kosa, na mezani hawezi kuwekwa sawa na mwizi. Lakini kisa kinatufundisha sisi tulio nje: mlango wa gereza si hukumu ya mwisho juu ya thamani ya mtu, na hekima yaweza kutoka mahali watu walipopatupa.

Huenda msomaji ana pingamizi, na pingamizi nyingine ni za haki.

Ataweza kusema: vipi mtu aliyemliza mwenzake afundishwe kuoka vitu vitamu, na hali aliyelizwa angali analia? Twajibu kwamba aliyelizwa ndiye wa kwanza kufaidika ikiwa ujira huo utamfikia. Sheria ya Kenya yenyewe yamruhusu hakimu kuamuru fidia kwa aliyedhuriwa. Amri ya fidia juu ya mtu asiyechuma ni barua iliyoandikwa kwa maji.

Atasema tena: vijana wetu wema wamekaa barazani bila ya kazi, nao hawakumwibia mtu, je, tuanze na wezi? Hili ni neno zito. Jawabu lake ni kwamba haki ya kijana mwema haipunguzwi kwa kumfundisha mkosa, bali hupunguzwa kwa kumwachia mkosa arudi mitaani bila ya ujuzi, kwani ataiba duka la huyo huyo kijana mwema. Lakini pana sharti. Ikiwa mfungwa atalipwa senti, biskuti yake itauzwa rahisi, na mwokaji mnyonge wa Majengo au Kisauni, anayeamka alfajiri kuchoma mahamri yake, ndiye atakayeumia. Ujira wa haki humlinda mfungwa asinyonywe, na humlinda mchumi wa nje asipigwe bei na kazi ya bure.

Wa tatu atasema: huu ni ujanja wa matajiri kupata vibarua wasioweza kugoma. Naye yumkini kusema kweli, pasipokuwa na uangalizi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi qudsi ametajwa, miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu ndiye khasimu wao Siku ya Kiyama, mtu aliyemwajiri mtu akastarehe na kazi yake asimpe haki yake. Hapakutajwa kwamba mfungwa ametolewa katika hukumu hiyo.

Wako pia wanaosifu viwanda hivi kwa kusema kwamba waliofanya kazi humo hawarudi jela ila wachache. Ni jambo la kufurahisha, lakini mwenye insafu akumbuke kwamba wanaochaguliwa kwa kazi aghlabu ni wenye tabia nzuri tangu mwanzo. Sisi hatujengi hoja yetu juu ya hesabu hiyo. Hatta kama nusu yao wangerudi, haki ya aliyedhulumiwa ingali yataka kulipwa, na watoto wangali wataka kula.

Tumebakiwa na jawabu letu la pili, la kumfungia mlango aliyetoka. Hapa ndipo aibu inapotuhusu wenyewe, wala si serikali. Katika magereza yetu, wako wanaofundishwa useremala na ushoni na kazi nyingine, wakafanya mitihani ya ufundi ya serikali, wakatoka na shahada. Kisha mtu huyo huenda kutaka kazi, akaambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi. Basi huwa na karatasi mbili mkononi: moja yasema anajua kazi, na ya pili yasema asipewe. Tajiri huisoma ya pili tu.

Na tuwe waadilifu. Tahadhari si dhambi. Aliyekula mali ya amana hapewi kasha la msikiti siku ya pili yake, na aliyewadhuru watoto hawekwi chuoni kuwafundisha, hatta akilia machozi ya damu. Toba humrudishia mtu heshima yake, haimrudishii kila cheo. Lakini baina ya kumkabidhi mtu hazina na kumnyima hatta kukanda unga, pana uwanja mpana, na sisi tumeufunga wote.

Aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mtu aliyekunywa pombe, akapigwa kama ilivyokuwa hukumu yake. Alipokuwa akiondoka, baadhi ya watu wakamwombea izara kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akawakataza, akawaambia wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Tulitafakari neno hili. Shetani alikuwa na sehemu yake katika kosa lile. Lakini baada ya adhabu kwisha, ulimi wa jirani ndio uliokuwa unamfanyia kazi. Mtaa unaomwita kijana "mfungwa" mbele ya watoto wake miaka kumi baada ya kutoka, umejiandikisha katika utumishi huo bila ya kujua.

Tufanye nini? Hatupendi kumaliza kwa kulaumu tu.

Kwanza, maimamu na walimu wetu wanaoingia Shimo la Tewa kutoa mawaidha wasome pamoja na wafungwa mlango huu wa toba hatta sharti la nne, wasisimame katika la tatu. Na wamsaidie anayetaka kumwandikia aliyemdhulumu, akamtaka radhi na kumwahidi malipo.

Pili, wafanya biashara wetu, khasa wenye matanuri ya mikate na viwanda vya useremala, kila mmoja apokee mtu mmoja aliyetoka, kwa dhamana ya watu wawili wa msikiti wake wanaomjua. Dhamana ni mlango mkubwa katika fiqhi yetu, nasi tumeufanya ni wa mikopo ya benki peke yake.

Tatu, tusisahau zaka. Miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba limo fungu la wenye madeni. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, Imam Nawawi katika Minhaj ameona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hatta aliyeingia deni kwa maasi, akitubu, hupewa. Basi mtu aliyetoka gerezani, anadaiwa fidia, ametubu, naye hana kitu, huyo si mtu wa kusukumwa mlangoni siku ya Idi kwa shilingi ishirini. Ana fungu lake, na aliyedhulumiwa atalipwa kwa fungu hilo.

Kila inapokaribia Idi, majumba yetu hunukia biskuti na visheti na mikate ya sinia. Twapelekeana sahani mlango kwa mlango, na kwa sahani hizo twajulishana kwamba hatuna kinyongo. Tujiulize ni mlango gani katika mtaa wetu ambao sahani haifiki kwa sababu ya kosa ambalo hakimu alikwisha lihukumu, na mwenyewe alikwisha litumikia. Na aliye nyuma ya mlango huo, tumempa njia ya kulipa, au tumemwachia jina tu?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hazitarudishwa ila kwa thawabu, awafanyie wepesi waliofungwa, awape subira waliodhulumiwa, na azilainishe nyoyo zetu sisi tulio baina yao. Wabillahi tawfiq.